Gongo na glavu za hoki: jinsi ya kuchagua na kujaribu kabla hujatoa hela

Hoki ninayoizungumzia hapa ni ile ya uwanjani, mpira wa magongo, sio ya barafu. Ile tunayocheza City Park Nairobi na Lugogo Kampala, na mashuleni kwenye nyasi ambazo kusema kweli mara nyingi ni vumbi na vichuguu. Nimeandika hii kwa sababu kila msimu naona vijana wanaenda dukani na swali moja tu, hili lina kaboni asilimia ngapi, alafu wanarudi na gongo gumu kama nondo ambalo haliwaruhusu hata kutuliza mpira wa mwenzao. Gongo linachaguliwa kwa mambo mawili: uwanja unaochezea na kazi mikono yako inayoifanya. Kaboni inakuja baadae. Na glavu nayo ni kifaa, watu wanaichukulia kama urembo mpaka siku vifundo vya vidole vikichunika ndio wanauliza inauzwa wapi.

Na usidhani bila stiki ya kisasa huwezi kufika mbali. Kenya ilimaliza nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, na enzi hizo dunia nzima ilikuwa inacheza na magongo ya mbao, mengi yametokana na mti wa mforosadi. Tanzania ilienda Olimpiki ya Moscow 1980, mbao vilevile. Haya ya kaboni na faibaglasi yalianza kuruhusiwa miaka ya 1990. Kwaiyo tulia, tusome kitu kimoja kimoja.

Kwanza, jua sheria zinasema nini

Hii naiweka mwanzo kabisa manake kuna magongo yanauzwa, hasa ya mtumba na ya kuagiza, ambayo mwamuzi anaweza kuyakataa na ukabaki unaangalia gemu.

Gongo lisizidi sentimita 105 kwa urefu na gramu 737 kwa uzito. Hizo mbili hazisumbui, magongo mengi ya watu wazima ni sentimita 93 hivi na uzito wa gramu 520 mpaka 560. Zinazosumbua ni hizi mbili zinazofuata. Gongo zima, pamoja na gripu na tepu zote ulizozungusha, lazima lipite ndani ya pete yenye tundu la milimita 51. Ukiwa na tabia ya kuongeza gripu juu ya gripu mpaka mshiko umenenepa, hapo ndio utakwama. Chukua kadibodi ngumu, chora duara lenye kipenyo cha milimita 51 kwa bikari, likate vizuri, alafu pitisha gongo lako kuanzia juu mpaka kichwani, yaani ile sehemu ya chini iliyokunjika inayogusa mpira. Dakika mbili umemaliza.

Ya pili ni mpindo, yaani ule upinde ulioko kwenye mwili wa gongo ukiliangalia kwa ubavu. Mwisho ni milimita 25, na sehemu iliyopinda zaidi isiwe karibu na chini ya kichwa kuliko milimita 200. Kupima ni rahisi: laza gongo juu ya meza iliyonyooka, upande bapa ukiangalia chini, alafu simamisha rula pale penye uwazi mkubwa kati ya gongo na meza. Ikisoma 27, achana nalo hata kama ni zuri vipi.

Vitu vingine: hakuna chuma chochote kwenye gongo, kingo zote ziwe laini zisizokwaruza, na upande bapa uko kushoto tu. Ndugu zangu mnaotumia mkono wa kushoto, naulizwa hili kila wakati, hakuna gongo la mashoto kwenye hoki. Wote tunacheza na gongo moja, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Na wala sio hasara, kwa sababu mkono wa juu ndio unaozungusha gongo, na wako una nguvu tayari.

Urefu

Kwa mtu mzima mwenye urefu wa kama sentimita 165 mpaka 178, gongo la inchi 36.5 ndio la kawaida na ndio utakalolikuta kwa wingi. Ukiwa 180 na zaidi, jaribu 37.5. Kwa watoto, mwenye sentimita 120 anza na inchi 28 au 30, wa 140 yuko kwenye 32 mpaka 34, wa 150 anaweza kushika 34 au 35, wa 160 anashika 36. Hizo ni za kuanzia tu, mikono na miguu ya watu haifanani, kuna mtu mfupi ana mikono mirefu na gongo la saizi yake kwa karatasi linamsumbua.

Kipimo cha kwanza dukani: simama wima umevaa viatu vya kuchezea, weka gongo mbele yako kichwa kikiwa sakafuni. Ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa nyonga au juu yake kidogo. Ikifika mbavuni ni refu.

Ila kipimo ninachokiamini mimi ni cha pili. Kunja magoti, inama kama unapiga chenga, mkono wa kushoto juu kabisa ya gongo, mpira mbele ya mguu wa kulia kidogo. Sasa angalia mgongo wako. Kama umelazimika kukunja mgongo kama mtu anayepalilia, gongo ni fupi. Kama ncha ya juu inakugonga tumboni au mkono wa kushoto umesukumwa nje ndio uweze kuzungusha, ni refu. Zungusha mpira kulia kushoto mara kadhaa hapohapo dukani, muombe mwenye duka akupe nafasi, muuzaji mzuri hatakataa.

Wazazi naomba mnisikilize hapa. Kumnunulia mtoto gongo refu ati atalikulia ni kumharibia mchezo. Mtoto wa miaka tisa akiwa na gongo la inchi 36 anajifunza kushika katikati, mkono wa kushoto unashuka kutoka juu, na hiyo tabia kuitoa baadae ni kazi ngumu sana kuliko bei ya gongo lingine. Nunua saizi yake, hata ya mtumba, akikua mpe mdogo wake au mwachie shule.

Uzito na mahali uzito ulipo

Watu wanaangalia namba ya gramu na kusahau kwamba gongo mbili zenye gramu 540 zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi. Weka gongo juu ya kidole kimoja, lisogeze mpaka lisimame bila kuanguka upande wowote, hapo ndio kitovu cha uzito. Kikiwa karibu na kichwa, gongo litapiga mpira kwa nguvu lakini litachelewa kugeuka. Kikiwa juu zaidi upande wa mshiko, litakuwa jepesi mkononi, chenga zinaenda haraka, lakini unapopiga unahitaji kutumia mwili wako zaidi.

Beki na wale wanaopiga mpira mrefu kutoka nyuma wengi wanapenda uzito ukae chini kidogo. Fowadi na viungo wanataka wepesi. Kwa anayeanza nashauri gramu 530 mpaka 545 zilizokaa katikati, basi, usijisumbue zaidi ya hapo.

Jaribio dogo: shika gongo kwa mkono wa kushoto peke yake, pale juu, nyoosha mbele kama unamchokoa mpinzani mpira miguuni. Lishikilie hivyo uhesabu polepole mpaka ishirini. Kiganja kikianza kutetemeka na kichwa kinashuka, hilo gongo dakika ya hamsini litakuwa linakuchezesha wewe.

Kaboni, faibaglasi na mbao

Sasa tumefika kwenye swali lenu. Gongo la kisasa limetengenezwa kwa nyuzi zilizogandishwa na gundi maalum. Kaboni inaleta ugumu, na ugumu ndio unaopeleka nguvu ya mkono wako kwenye mpira bila kupotea njiani. Faibaglasi ni laini kidogo na inavumilia kugongwa. Kuna na aramidi, nyuzi zilezile za kutengenezea fulana za kuzuia risasi, kazi yake kwenye gongo ni kumeza mtetemo.

Kaboni ikiwa nyingi, unapopiga sawasawa mpira unaruka vizuri sana. Lakini ukipiga vibaya, ukigusa mpira karibu na ncha ya kichwa au kisigino chake, pale kinapoungana na mwili wa gongo, mtetemo unapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiwiko. Na la muhimu zaidi, mpira ukija kwako kwa kasi unadunda kwenye gongo gumu na kwenda mbele mita moja, adui kashauchukua. Anayeanza bado hajajua kulegeza mikono kupokea mpira, kwaiyo unampa kifaa kinachohitaji ujuzi ambao hana.

Ushauri wangu ni huu, na nitaurudia kwa yeyote atakayeniuliza: mwaka wa kwanza na wa pili kaa kwenye kaboni asilimia 10 mpaka 30. Ukishatulia, unacheza ligi, unapokea mpira bila kufikiria, nenda 40 mpaka 70. Asilimia 90 na kuendelea waachie wale wanaofanya tizi karibu kila siku kwenye uwanja wa plastiki uliomwagiwa maji. Kwenye nyasi zenye mashimo gongo la asilimia 95 halikupi faida yoyote, mpira wenyewe unafika kwako unarukaruka, unachohitaji ni ulaini.

Mbao? Kwa mtoto anayejifunza bado ni nzuri, ina hisia ya mpira tamu kabisa. Shida yake ni maji, ikilowa mara nyingi inavimba na kupasuka.

Kampuni ni nyingi, Grays, Gryphon, Osaka, TK, Ritual, Adidas na wengine, na sehemu kubwa ya magongo ya dunia yanatoka viwanda vya Sialkot kule Pakistan na Jalandhar, India. Kwaiyo usimdharau mtu mwenye gongo la jina usilolijua. Jaribu kwanza.

Mpindo

Hapa ndio watu wanapotea zaidi kuliko hata kwenye kaboni. Kuna mpindo wa kawaida, milimita 20 hivi na umekaa karibu na katikati ya gongo. Kuna wa kati, umezidi kidogo na umeshuka. Na kuna wa chini, milimita 24 au 25 na umekaa palepale karibu na mpaka wa 200 tuliousema.

Mpindo wa chini umetengenezwa kwa ajili ya dragi-fliki, ule mpira wa penalti kona (pigo la adhabu linaloanzia kwenye mstari wa goli) unaoburutwa na kurushwa golini. Unasaidia pia kunyanyua mpira juu na kubeba mpira ukikimbia. Lakini ukitumia gongo hilo kupiga mpira kawaida, uso wake unakuwa umelala nyuma kidogo pale mpira unapoguswa, na mpira unapanda. Na sheria hairuhusu kunyanyua mpira kwa makusudi kwa kupiga, isipokuwa unapiga golini ukiwa ndani ya duara, lile eneo lililochorwa mbele ya goli. Hata ukisema haikuwa makusudi, ukiwa hatari kwa wenzako mwamuzi atapuliza. Nimeona mabeki wazuri wakipewa faulo baada ya faulo na kosa liko kwenye gongo walilonunua kwa sababu nyota fulani wa Uholanzi au Ubelgiji anatumia hilo.

Kama wewe sio mpigaji wa penalti kona wa timu yako, chukua mpindo wa kawaida au wa kati. Uwanja wa nyasi, chukua wa kawaida, usibishane.

Kichwa cha gongo nacho kina maumbo. Kile cha kati ndio kinafanya kila kitu, asilimia kubwa ya wachezaji wanacho. Kile kirefu kilichopinda kama ndoana kinatoa eneo kubwa la kustopisha mpira, kinawafaa mabeki na wanaopiga sana upande wa nyuma, yaani gongo likigeuzwa ncha ya kichwa chini kucheza mpira ulioko kushoto kwako. Kifupi ni chepesi kugeuza ila hakikupi nafasi ya kukosea.

Kukagua la mtumba

Wengi wetu gongo la kwanza ni la mkononi, limetoka kwa mchezaji aliyepata jipya au limeletwa na ndugu kutoka Ulaya. Hakuna aibu, yako mazuri sana, ila kagua hivi.

Ondoa tepu yote iliyoko kichwani. Muuzaji akikataa, ondoka. Chini ya tepu ndio nyufa zinajificha. Angalia ile kona ambapo kichwa kinaungana na mwili, angalia ukingo wa chini unaoburuzika ardhini, na angalia ukingo wa upande bapa ambao unagongana na magongo mengine. Mikwaruzo ya rangi sio shida. Ufa unaoingia kwenye nyuzi ni shida, utaujua ukipitisha ukucha na ukakwama, au ukibonyeza na kidole gumba pakaingia kidogo. Mchanga wa viwanja vya plastiki unakula sana sehemu ya chini ya kichwa, ukikuta nyuzi zimetoka nje kama manyoya ujue limeshaisha, tena linaweza kumchana mtu.

Alafu lisikilize. Ligonge na sarafu kidogokidogo kuanzia kwenye kichwa kupanda juu. Sauti inatakiwa iwe kavu na ibadilike taratibu. Ukifika mahali sauti imekufa ghafla, imekuwa kama unagonga kadibodi, pale ndani tabaka zimeachana. Halionekani kwa macho lakini litavunjika, na litavunjika siku ya mechi. Likung'ute pia karibu na sikio, kukiwa na kitu kinachezacheza ndani uliza ni nini.

Mwisho shika juu kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, ulisokote polepole kama unakamua nguo, bila nguvu za ajabu. Likilia kwa ndani, kree kree, rudisha.

Kulijaribu uwanjani

Dukani utajua urefu na uzito. Mengine yote yanajulikana ukiwa na mpira. Omba ulijaribu japo pembeni ya duka, au azima la mwenzako la aina hiyohiyo kabla ya kuagiza. Tumia mpira halisi wa hoki, wenye gramu 156 mpaka 163, usijaribu na mpira wa tenisi ukadhani umepata jibu.

Anza na kusukuma mpira kwa mwenzako umbali wa mita kumi hivi, bila kupiga. Angalia kama mpira unaenda pale ulipoelekeza au unakwepa upande mmoja. Ukiwa unakwepa kila mara, na kwa gongo lako la zamani haukwepi, ni mpindo haukukubali.

Kisha mwambie aupige kwako, kwanza taratibu, alafu kwa nguvu zaidi na zaidi. Hili ndio jaribio kubwa na nakuomba usilipite haraka. Lengo lako mpira ubaki ndani ya nusu mita kutoka kwenye gongo. Pokea upande wa kulia, pokea kwa upande wa nyuma, pokea ukiwa umelaza gongo chini. Kama unapokea vizuri mpira wa polepole lakini wa kasi unakukimbia kila saa, gongo ni gumu kuliko mikono yako ya sasa. Sio lawama, ni taarifa.

Baada ya hapo piga chenga za kulia-kushoto huku unatembea, alafu ukikimbia. Sikiliza mkono wa kushoto. Ndio unaozungusha, wa kulia unatakiwa uwe umeshika kilegevu gongo lizunguke ndani yake. Ukihisi unalazimika kusaidia kwa mkono wa kulia, kichwa ni kizito au mshiko ni mnene kwa kiganja chako.

Ndio sasa upige. Anza nusu nguvu. Piga mipira kadhaa golini au kwenye ukuta ambao haumdhuru mtu, na mingine iguse karibu na ncha na kisigino makusudi, uone mtetemo ukoje. Ukikuuma mpaka kwenye kiwiko sasa hivi ambapo mwili una joto, fikiria asubuhi ya Julai Nairobi. Angalia pia mpira unaenda juu kiasi gani. Piga wa upande wa nyuma pia, ule unaotumia ukingo wa gongo, kama unaupiga, manake ukingo ndio unaopata kipigo kikubwa na magongo dhaifu yanaonyesha hapo.

Dragi-fliki na kunyanyua mpira jaribu kama ni kazi yako kwenye timu. Kama sio, usiliache gongo zuri kwa sababu ya kitu utakachofanya mara moja kwa mwaka.

Glavu

Glavu iliyo muhimu kwa mchezaji asiye kipa ni ya kushoto. Sababu ni hii: ukilaza gongo kuzuia mpira, mkono wa juu unashuka mpaka ardhini, na vifundo vya vidole vinasuguana na uwanja. Kwenye plastiki yenye mchanga ngozi inaondoka papo hapo. Kwenye ardhi ngumu ya shule ni mawe. Na mkono huohuo ndio unaopata kipigo cha gongo la mpinzani unapochokoa mpira.

Kuna ya wazi kwenye kiganja, imefunika nje tu na vidole nusu, na kuna iliyofunika kila mahali. Ile ya wazi inakuachia ngozi iguse gripu, unahisi gongo vizuri, na kwa joto la Dar au Mombasa mkono hauogi jasho. Ile kamili inalinda zaidi ila kitambaa cha kiganjani kikiwa kinene utapoteza ule mzunguko wa gongo. Mimi nampa anayeanza ile ya wazi yenye gamba gumu nje. Na usikubali ya sponji tupu. Sponji inazuia mkwaruzo, haizuii mfupa kuvunjika. Bonyeza nje ya glavu kwa kidole gumba kwa nguvu: ukihisi kifundo chako ndani kinaguswa, hata gongo litakigusa.

Kupima saizi, zungusha utepe wa fundi cherehani kwenye upana wa kiganja, juu ya vifundo, bila kidole gumba. Linganisha na jedwali la kampuni husika, saizi M ya huyu sio M ya yule. Alafu ivae na ushike gongo, sio uvae na kunyoosha vidole tu kama unajaribu pete. Ukiwa umeshika, gamba lifunike vifundo vyote vinne mpaka ubavu wa kidole kidogo, kwa sababu hapo ndio panapogusa chini kwanza. Zungusha gongo nusu duara, rudisha, tena na tena. Glavu ikikunjamana kiganjani itakupa malengelenge. Lowesha mkono na maji kidogo urudie, gongo likianza kuteleza ndani ya glavu jibu umelipata. Angalia na mshono katikati ya kidole gumba na cha shahada, ndio unaofumuka wa kwanza kwenye zile za bei rahisi.

Glavu isiwe kubwa kupindukia, sheria zinataka isiongeze ukubwa wa mkono kwa kiasi kikubwa, na kipimo chake ni kisanduku cha urefu wa milimita 290, upana 180 na kimo 110, mkono ulio na glavu uingie bila kulazimisha. Hii inawahusu hasa wanaokimbilia penalti kona, ambao huvaa glavu nene pamoja na barakoa na kinga za magoti. Kwa hao, namwambia mzazi au kapteni yeyote: hapo usibane hela. Dragi-fliki ya mtu mzima inaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa na wewe unaikimbilia.

Glavu za kipa

Hizi ni habari nyingine kabisa. Ni vipande viwili visivyofanana. Cha kushoto ni kama ubao wa sponji nzito unaotumika kuupangua mpira, cha kulia kina nafasi ya kushika gongo. Zikilazwa chini kiganja kikiangalia juu, hakuna inayoruhusiwa kuzidi upana wa milimita 228 na urefu wa 355, na hakuna mkanda wala kitu kinachoshikilia gongo pale mkono ukiliachia.

Kijaribio cha kushoto: mwenzako arushe mpira kwa mkono kutoka mita tano, uuzuie. Sponji nzuri inaurudisha mpira mbali. Mpira ukianguka miguuni pako, sponji imechoka, na huyo fowadi anayesubiri riboundi ndio atafurahi. Usiumie kiganja hata kidogo, ukiumia kwa mpira wa kurushwa basi wa kupigwa hutaustahimili. Cha kulia, shika gongo, lizungushe, laza chini ukipiga mbizi upande wa kulia, inuka haraka. Vidole vikikaa nje ya kinga ukiwa umelaza gongo, hiyo sio saizi yako.

Kipa wa shule mwenye hela kidogo anunue cha kushoto kizuri kwanza, cha kulia aazime.

Kutunza

Usiache gongo kwenye buti la gari linalokaa juani. Joto linalegeza ile gundi inayoshika nyuzi na tabaka zinaanza kuachana taratibu. Baada ya mechi pangusa, hasa ukicheza kwenye mvua, na libebe kwenye mfuko lisikwaruzane na mengine. Weka tepu kwenye ukingo wa chini wa kichwa kama uwanja wako ni wa mchanga, ukihakikisha bado linapita kwenye ile pete yako ya kadibodi. Gripu ikianza kung'aa na kuteleza badilisha, ni kitu cha bei ndogo kinachofanya gongo la zamani lirudi mkononi vizuri. Anzia juu au chini kulingana na aina ya gripu, ivute wakati unazungusha, tabaka zilaliane kidogo tu.

Glavu usifue na mashine. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikamue kwa kubonyeza bila kusokota, anika kivulini. Ukiitupia kwenye begi ikiwa na jasho na kuikuta Jumatano, sponji inaoza na harufu haitoki tena.

Na kama una bajeti moja tu ya msimu mzima, mgao wangu ni huu: gongo la kaboni asilimia 20 au 30 lenye mpindo wa kawaida, glavu ya kushoto yenye gamba, kinga ya meno na kinga za ugoko. Hela ikibaki nunua mpira wako mwenyewe na uutumie ukutani nyumbani.